Habari za Karema Baada ya Vita na Utumwa

Msafiri atokaye Mpanda kuelekea machweo ya jua hupita katika misitu ya miombo zaidi ya kilomita 100. Kisha nchi huanza kushuka, na mbele yake huonekana ziwa la Tanganyika, nalo limelala kati ya milima ya nchi hii na milima ya Kongo. Huko kando ya ziwa ndiko Karema. Pana kilima kifupi, na juu yake yamesimama majengo ya misheni. Mgeni akiambiwa ya kwamba hapo mwanzo palikuwa na ngome ya vita, hustaajabu. Hustaajabu zaidi akiambiwa ya kwamba ngome ile ilijengwa karibu na maji, kwa kuwa leo maji yako mbali. Sababu yake ni hii: zamani zile ziwa lilikuwa limejaa sana, maana mlango wake wa kutokea, mto Lukuga ulio upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na matete. Karibu na mwaka 1878 maji yakaivunja ile zibo, yakatoka kwa nguvu, na mwaka kwa mwaka ziwa likapungua. Ziwa likaondoka, ngome ikabaki.

Ngome hujengwa mahali penye hofu. Katika miaka ya 1860 na 1870 nchi yote iliyo kati ya Tabora na ziwa ilikuwa imejaa hofu. Wabende na Watongwe walikaa karibu na ziwa, Wapimbwe upande wa Rukwa, Wakonongo upande wa mashariki, na Wafipa kusini. Kila kabila lilikuwa na wakubwa wake wengi, wakaitwa watemi mahali pamoja, na mahali pengine wakaitwa mwene. Hapo kale walipigana kwa mikuki na mishale, kisha wakapatana, wakarudi kulima. Lakini bunduki zilipoanza kuletwa kwa wingi kutoka pwani, pamoja na baruti na nguo, na wenye kuzileta walipotaka kulipwa pembe za ndovu na watu, vita havikuwa tena ugomvi wa majirani. Vikawa kazi, na mwenye kuifanya kazi hiyo alitajirika.

Mpiganaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Mirambo, mtemi wa Urambo. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikamlazimu kuzunguka mbali upande wa kusini na kupita Ukonongo. Adui zake Mirambo walipenda kumwita mnyang'anyi, lakini hilo si neno la haki. Alikuwa mtu wa akili nyingi, aliyetaka kuiunganisha nchi iliyokatika vipande vipande. Na mwaka 1876 alikubali kuchanjiana udugu na Stanley yule yule. Walakini majeshi yake, na majeshi ya wakubwa wengine waliofuata mfano wake, yaliishi kwa kula vijiji vya watu.

Wapiganaji hao waliitwa rugaruga. Wengi wao walikuwa vijana wasio na baba wala mama, na hapa ndipo penye huzuni kuu katika habari hizi. Mtoto alitekwa, kijiji chao kikachomwa moto. Akalelewa katika kambi ya waliomteka. Alipopata nguvu akapewa bunduki, akapelekwa kuteka watoto wa watu wengine. Basi si rahisi kuwatenga watekaji na mateka, kana kwamba ni makundi mawili yasiyojuana; mara nyingi alikuwa mtu mmoja, na tofauti ilikuwa miaka kumi tu. Tena mama aliyetekwa huzaa watoto katika nyumba ya bwana wake, na watoto hao, kwa damu, walikuwa ndugu wa wale walioiteketeza nyumba ya babu yao. Nchi iliyopigana hivi haiwezi kupatanishwa kwa kuchora mpaka katikati na kuwaambia hawa wakae huku na hawa wakae kule.

Vijiji vikazungukwa na boma la miti. Watu hawakuthubutu kulima mbali, na mashamba ya zamani yakarudi kuwa mwitu. Wenye njaa wakawaweka watoto wao rehani kwa chakula, na wengi hawakuweza kuwakomboa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Soko likafungwa, lakini vita vya bara havikufungwa. Watu waliendelea kuuzwa Ujiji na Tabora, wengine wakatumikishwa huko huko bara, mashambani na katika misafara ya pembe.

Mwaka 1876 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliwakutanisha mjini Brussels watu waliosafiri Afrika, na hapo chama kikaundwa ambacho maneno yake yalikuwa mazuri: kuijua Afrika, na kuikomesha biashara ya watumwa. Mambo yaliyotendeka baadaye katika Kongo chini ya mfalme yule yule, watu kupigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira, yamewafundisha wengi kuyasoma maneno yale kwa mashaka. Hata hivyo chama kile ndicho kilichomtuma Kapteni Cambier, naye akafika Karema mwezi wa Agosti 1879, akaanza kujenga ngome.

Wenye chama walifikiri ya kwamba utumwa ungepungua kama mizigo isingechukuliwa na watu vichwani. Shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini njia waliyoijaribu ilikuwa ya ajabu. Waliagiza ndovu wanne waliofugwa kutoka Bara Hindi, wakawashusha karibu na Dar es Salaam mwaka 1879, ili wachukue mizigo hata ziwani, katika nchi ambayo ndovu wake wenyewe walikuwa wakiuawa kila siku kwa ajili ya meno yao. Ndovu wakaanza kufa njiani, na Karema hakukufika ila sehemu ndogo ya kundi lile. Kiongozi wao, Carter, alipokuwa akirudi pwani mwezi wa Juni 1880, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, kijiji kiliposhambuliwa na watu wa Mirambo pamoja na watu wa Simba, mtemi wa upande ule. Wazungu wale walipata kuandikwa katika vitabu. Wenyeji wa Mpimbwe waliouawa siku ile ile, na wale waliochukuliwa mateka, hawakuandikwa majina yao.

Mirambo akafa mwezi wa Desemba 1884. Mwaka uliofuata, baada ya mkutano wa Berlin, Karema ikawa katika sehemu ya Wadachi, yaani Wajerumani, na Mfalme Leopold akawaachia ngome Mapadre Weupe, wamisionari waliotumwa na Kadinali Lavigerie wa Algiers. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa askari ikawa kimbilio. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kukaa chini ya kuta zake waliposikia habari za rugaruga. Pamoja nao waliletwa watoto waliokombolewa, yaani walionunuliwa kwa nguo na shanga kutoka kwa wafanyabiashara waliopita.

Jambo hili la kununua watoto ili kuwaweka huru lilileta maswali tangu mwanzo. Wako waliosema ya kwamba anayelipa doti za nguo kwa mtoto mmoja humpa mwuzaji sababu ya kwenda kutafuta mwingine. Wengine walijibu ya kwamba mtoto aliyesimama mbele yako na kamba shingoni hawezi kungoja mpaka hoja iishe. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu hoja ile haikwisha.

Basi mtoto amekombolewa, kamba imekatwa. Je, sasa ana nini? Katika nchi ile mtu hakuhesabiwa kuwa mtu kwa sababu ya mwili wake tu. Alikuwa mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, mjukuu wa waliozikwa mahali fulani. Akiugua, ukoo ulimtafutia mganga. Akidaiwa, ukoo ulilipa. Akitaka kuoa, wajomba na baba wadogo walikaa kitako wakapatana mahari. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa na hayo yote, na kukatwa huko kulikuwa ndiyo maana yenyewe ya utumwa, kupita hata mnyororo. Mtoto aliyetekwa akiwa wa miaka minne au mitano pengine alisahau lugha ya mama yake. Angeambiwa, "Uko huru, nenda kwenu," asingejua aelekee upande gani.

Mapadre wakajaribu kuujaza upungufu huo. Misheni ikawa kama baba na kama mjomba. Mvulana na msichana waliokombolewa walipokua waliozwa, wakapewa nyumba na mahali pa kulima. Mwenye kubatizwa alipata baba wa ubatizo au mama wa ubatizo, na watu waliokuwa na njaa ya ukoo walilishika neno hilo kwa nguvu. Lakini lazima isemwe pia ya kwamba baba huyu mpya alikuwa mkali. Aliamua nani akae wapi, afanye kazi siku gani, aoe nani. Kwa mtu aliyewahi kuamriwa na bwana, amri hizo zilifanana mno na zile za zamani, hata kama aliyeziamuru alimtakia mema.

Wenyeji nao walikuwa na dawa zao, za zamani kuliko ngome. Moja ilikuwa ni kuchanjiana: watu wawili wasio wa ukoo mmoja huchanjwa, huonja damu wao kwa wao, na tangu hapo yule anayemdhuru mwenzake hujidhuru nafsi yake. Nyingine ni utani. Wazee wa makabila mengi husimulia ya kwamba utani wao ulizaliwa na vita: watu waliouana, walipochoka, walipeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na wajibu wa kuzikana. Mtani husema msibani, mbele ya watu wote, "Babu yako tulimkimbiza mpaka porini," na watu hucheka, naye ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Jambo ambalo lingeweza kuwa deni la damu hugeuka kuwa mzaha.

Yafaa hapa kutazama nchi nyingine iliyopata shida ya namna hii wakati ule ule. Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe toka 1861 hata 1865, watu wa kaskazini na watu wa kusini, na sababu kubwa ilikuwa utumwa. Vita vilipokwisha, watumwa kama milioni 4 wakawa huru kwa sheria. Mwezi wa Januari 1865 jemadari mmoja wa kaskazini, Sherman, aliamuru ardhi ya pwani igawiwe watu hao, eka 40 kwa kila jamaa. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson alikuwa amekwisha kuagiza ardhi irudishwe kwa wenyewe wa kwanza. Mtu aliyelima shamba lile maisha yake yote bila ujira akabaki kulilima kwa kugawana mavuno na bwana wa zamani, naye hakuliacha deni. Shule zilifunguliwa nyingi, na watu wazima wenye mvi waliketi pamoja na wajukuu wao kujifunza kusoma. Lakini mwaka 1877 askari wa kaskazini walipoacha kuwalinda, haki ya kupiga kura na haki nyingine wakaanza kunyang'anywa, na ilipita karibu miaka 90 kabla ya sheria za kuzirudisha kupatikana.

Ukiweka nchi hizo mbili pamoja, tofauti yao ni kubwa. Marekani waliowekwa huru walikuwa na ndugu zao na lugha moja, wakakosa ardhi. Karema ardhi ilikuwapo, tena nyingi kuliko watu wa kuilima. Kilichokosekana ni ndugu.

Mwaka 1889 akafika Karema kijana mmoja mweusi ambaye hakuna mtu ziwani aliyeijua lugha ya kwao. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Afrika ya Magharibi, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 akakombolewa na Mapadre Weupe katika nchi ya Algeria. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta, ambako vijana wa Kiafrika walifundishwa uganga wa Kizungu ili waje kuwa waganga na walimu wa dini kwa pamoja. Kutoka huko akatumwa Karema.

Huyu basi alikuwa mtumwa wa zamani kati ya watumwa wa zamani, naye alikuwa mgeni kuwapita wote. Kama ilivyosemwa juu, shida ya mtu wa namna hiyo ilikuwa ukoo. Atiman akamwoa Agnes Wansahira, binti wa mkubwa wa Wabende. Jambo hilo si dogo. Mwungwana wa nchi alimwoza binti yake mtu aliyeuzwa na kununuliwa, asiye na mjomba hata mmoja upande huu wa Afrika. Kwa ndoa ile Atiman akapata wakwe, na shemeji, na mahali pa kuketi wazee walipozungumza. Mtoto wao Joseph akawa padre mwaka 1923.

Kazi yake ilikuwa kutibu. Alitibu vidonda na homa, na baadaye alipigana na malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ambao uliwaua watu wengi kando ya ziwa baada ya mwaka 1900. Mgonjwa hakuulizwa alikuwa mzaliwa huru au mkombolewa, Mbende au Mfipa, rugaruga wa zamani au mateka wake. Wakaketi barazani pamoja, wakingojea dawa ya mtu mmoja. Atiman alieleza mwenyewe habari za maisha yake, zikachapishwa. Alikufa mwaka 1956, baada ya kukaa Karema miaka 67.

Wengine watadhani ya kwamba Wadachi walipoitawala nchi waliufuta utumwa mara moja. Sivyo. Waliwakomesha watekaji wakubwa na misafara ya watumwa, na mwaka 1896 wakaweka boma lao Ujiji. Lakini utumwa wa nyumbani waliuacha, maana waliogopa kuwaudhi wenye mali, ambao waliwategemea katika kazi ya kutawala. Amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha na kupewa hati. Amri ya mwaka 1904 ilisema ya kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Katika Tanganyika yote watu zaidi ya 50,000 walipata uhuru kwa njia hizi za serikali. Wengi zaidi hawakungoja karatasi. Walihamia kijiji kingine, au walikwenda kufanya kazi ya ujira katika reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Au walizungumza na mabwana zao, wakakubaliana kidogo kidogo, siku za kazi zikapungua mpaka zikaisha. Vita ya mwaka 1914 ilipovuruga nchi wengine wakaenda zao. Sheria ya kuufuta utumwa kabisa ilitolewa na serikali ya Kiingereza mwaka 1922, na wakati ule mengi ya iliyoyaamuru yalikuwa yamekwisha kufanywa na watumwa wenyewe.

Boma za miti zikaoza, wala watu hawakuzijenga tena. Wakatawanyika kulima, kila mtu karibu na shamba lake. Hata katika miaka ya 1920 serikali ikawakusanya tena wengi wa Ukonongo katika vijiji vikubwa kama Inyonga, safari hii kwa sababu ya malale. Mwaka 1934 madini ya risasi yaligunduliwa karibu na Mpanda. Reli ikajengwa kutoka Kaliua kwa ajili yake, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi. Mji wa Mpanda ulikua kwa watu wa namna hiyo, ambao hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe kuwa ni mgeni.

Nchi hii ilipata kuulizwa swali lile la zamani mara nyingine tena. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa katika Burundi, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Wengi wao walipewa mwitu wa kufyeka huko Katumba, karibu na Mpanda, tangu mwaka 1973, na Mishamo tangu 1978. Wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa na kuzika. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, nao wangali wakiitwa wakimbizi, pamoja na watoto wao ambao hawakupata kuiona Burundi. Mwaka 2010 serikali ikakubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Shauri la kwanza lilikuwa kwamba wakiisha kuwa raia watawanywe katika mikoa mingine. Hili liliwatia hofu, maana mtu alipata nchi na papo hapo akaambiwa aache shamba, majirani na makaburi ya wazee wake. Watu wengine wakakataa kuhama, na hati zikakaa bila kutolewa. Mwishowe shauri lile likaachwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kugawiwa. Wengi wakabaki Katumba na Mishamo, katika mashamba waliyoyafyeka wenyewe.